Jembe la Bi Nambike

"Hakuna sikio chini ya jua hili, la nyama wala la waya, litakaloweza kulitofautisha kuli langu la chuma na mtu," alisema Kirumbe Mbwambo, akanyoosha miguu chini ya meza kama mtu aliyekwenda kuposa akakubaliwa siku hiyohiyo. "Nikilitia shambani, hata mama mzazi wa mtu atalipelekea uji."

"Uji wenyewe litautilia wapi?" aliuliza Mama Eliamini, akimwekea sahani ya makande.

"Hayo ni ya mama na mwanawe. Mimi nashughulika na jembe tu."

Mama Eliamini alijizuia kucheka. Alikuwa muuza chai wa Vungaro, na papo hapo mwenyekiti wa kijiji, maana milimani huko Upare watu walikuwa wamepungua hata kila aliyebaki akawa na vyeo viwili vitatu. Mzee Mchome, aliyeketi pembeni akichokoa meno, alikuwa katekista, mpiga kengele wa kanisa na, kila Jumamosi, kwa huruma ya wachezaji wenzake, golikipa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Enzi za nyuma mahindi na mkonge wa tambarare vilipaliliwa na watu wa milimani. Msimu ukifika walishuka makundi kwa makundi, wakafanya kibarua, wakarudi na sukari, sabuni na habari za umbea. Kisha kampuni ya Mavuno Timilifu ikaleta mashine zenye mikono miwili na miguu mitatu, mashine zisizokula, zisizonuna wala kufiwa. Watu wakaziita makuli. Msimu wa kwanza wapandishaji matuta walishuka wakakuta geti limefungwa. Msimu uliofuata hawakujisumbua kushuka, walipitiliza mjini. Shule ikafungwa darasa baada ya darasa, kuanzia la kwanza, kama ndoo iliyotoboka kitako.

Kampuni ilipomaliza tambarare ikainua macho. Huko juu kulikuwa na ndiva, yale mabwawa ya mawe waliyoyajenga mababu kukusanya maji ya vijito, yanayofunguliwa kwa zamu ili kila shamba linywe. Maji ya kukaa tu, yakiwangoja vikongwe! Kampuni iliona uchungu sana kwa niaba ya maji hayo.

Ndipo ikaja sheria yenye maneno matamu: ardhi ni ya anayeilima. Nani angeinua mkono kubisha? Ila ofisi zilikuwa zimechoka kuamini vinywa vya watu, kwa hiyo Ofisi ya Usikivu ikazika mashambani vidude vyenye umbo la figili, vilivyoitwa Masikio. Kila mtu hupiga jembe kwa namna yake, kama anavyocheka kwa namna yake. Yupo anayeinua juu na kushusha kwa hasira, yupo anayekwaruza, yupo anayepiga mara mbili halafu anapumua. Masikio yalijifunza majembe ya watu wote, yakayafahamu kwa majina. Mlima unaosikika ukilimwa na wenyewe huitwa hai. Wenyewe wakisikika chini ya nusu, unatangazwa bubu, na mlima bubu hukabidhiwa kwa mwenye uwezo. Mwenye uwezo alikuwa mmoja tu, na kila mtu alimjua.

Kirumbe alikuwa fundi wa kampuni hiyohiyo. Makuli mabovu yalipotupwa jalalani, aliyapandisha Vungaro kwa pikipiki, leo mkono, kesho goti, akayaunganisha nyuma ya kanisa. Kilichobaki kilikuwa kuyafundisha. Kila aliyehama aliombwa alime tuta moja la kuagia, amevaa bangili mkononi. Kirumbe aliwaambia ni kumbukumbu ya kijiji, na akina mama wa kijiji wakaona ni jambo zuri, wakapiga na vigelegele. Watu walilima, wakafuta machozi, wakapanda basi. Hakuna aliyeambiwa kwamba bangili ilikuwa inanasa mapigo yake, na kwamba anaondoka akiuacha mkono wake nyuma.

Hivyo Vungaro ilisikika. Tena ilisikika vizuri kuliko ilivyosikika ilipokuwa na watu, kwa sababu makuli hayaugui Jumatatu.

"Mkaguzi anakuja wiki ijayo," alisema Mama Eliamini. "Usiniletee majigambo. Niletee uhakika."

"Uhakika ndiyo huu unaoutazama," alisema Kirumbe, akajipiga kifua.

Hapo mlango ukaingia giza. Alikuwa amesimama Nanzia Kisaka, vumbi mpaka magotini, mkoba begani, pumzi juu.

Kirumbe alimjua kabla hajamaliza kugeuka. Nanzia ndiye aliyekaa mbele yake sekondari, na hesabu zote alizofaulu Kirumbe zilitoka mgongoni kwa Nanzia. Alihamia Tanga, na mwaka jana akamchukua mama yake, Bi Nambike, akaishi naye.

"Karibu, mke wangu niliyeporwa na mji," alisema Kirumbe. "Ungepiga simu tukuchinjie hata mhogo."

Nanzia hakuketi. Aliwaamkia wazee, shikamoo kwa Mama Eliamini, shikamoo kwa Mzee Mchome, kisha akamgeukia Kirumbe.

"Nimepitia shambani kwa mama."

Kijiko cha Kirumbe kilisimama njiani.

"Nilikuwa bado nyuma ya migomba," alisema Nanzia. "Nikasikia mbili, pumzi, moja. Mbili, pumzi, moja. Nimelala mgongoni kwa mapigo hayo kabla sijajua kutembea. Nikaduwaa. Nikasema, mama kanitanguliaje?"

"Umesikia hiyo, Mama Eliamini? Nilisema nini mimi?"

"Ngoja nimalize. Nikasogea, nikaliona. Likaenda na tuta mpaka kwenye kaburi la babu. Mama hajawahi kufika pale akaacha kuweka jembe chini na kung'oa majani kwa mkono. Hata akiwa na homa. Hata mvua ikinyesha. Lile likapita. Likapita, Kirumbe, kama mtu anavyopita jiwe."

"Hilo ni la kurekebisha," alisema Kirumbe, sauti imepungua kimo.

"Unajua kinachotokea tukienda kliniki? Wanamwambia mama aweke kidole kwenye kioo. Kioo kinasema huyu yuko Vungaro, analima. Mama amesimama mbele yao na kidole ni chake! Wananiambia, dada, tuletee mgonjwa mwenyewe. Nawauliza, huyu ni nani? Wanasema hatujui, ila mwenye jina hili anapiga jembe tangu alfajiri, hana ugonjwa wowote, hongereni. Dawa yake ya sukari wakaikata. Mtu mzima mwenye nguvu za kulima kutwa apewe dawa ya nini? Sasa ana kidonda mguuni hakifungi. Nimehangaika miezi nikidhani ni kosa la kioo. Kumbe kosa liko hapa linakula makande."

Kirumbe alitafuta la kuchekesha. Kwa kawaida halikuwa jambo la kutafuta, lilikuja lenyewe kama chafya. "Angalau," alisema, "kioo kimemsifia mama kwa bidii."

"Cheka," alisema Nanzia. "Cheka basi, nikuone."

Hakucheka.

"Na wengine?" aliuliza Nanzia. Alikuwa anaangalia mbali sasa, kama anayejumlisha kichwani. "Semvua analala stendi, kila chumba cha manispaa anachoomba wanamwambia ana makazi kijijini. Tunamsema mlevi. Na wale mapacha walionyimwa kadi za kazi. Ni nyinyi?"

Mama Eliamini alilifunika birika, ingawa lilikuwa limefunikwa tayari. "Mwanangu, kaa kwanza."

"Sitaki kukaa, mama. Mmemweka mama yangu rehani bila kumwambia."

"Na sisi nani aliyetuambia?" Mzee Mchome alitupa kijiti chake. "Kuna mtu alikuja hapa kutuuliza kama tunapenda kusikilizwa kama panya darini? Nimelima mlima huu tangu sijaota ndevu. Leo nikiumwa kiuno siku mbili, figili inapeleka habari kwamba nimepungua. Nikishindwa, maji ya babu yangu yakanyweshe mkonge wa mtu nisiyemjua hata sura. Tufanyeje? Tukae tuhesabiwe mpaka tuishe?"

"Mzee, sijasema mkae. Nasema mama yangu anaoza mguu."

Waliohama na waliobaki walikuwa wakigombea mwili mmoja. Bi Nambike akiwa Tanga, mlima unakaribia ububu. Bi Nambike akiwa Vungaro, hana dawa. Sheria haikuwa na nafasi ya mwanamke aliyechoka, aliyemfuata mwanawe, na ambaye bado angependa akirudi akute shamba la baba yake.

"Tukimtoa yeye," Mama Eliamini alisema taratibu, "tunaangukia chini ya nusu. Nimepiga hesabu hii usiku na mchana. Baada ya ukaguzi tu, mwanangu. Wiki moja."

"Kidonda hakijui ukaguzi."

Ndipo Kirumbe akasimama. Alikuwa na aibu, na aibu kwake ilikuwa ngeni kama koti la kuazima. Alitaka kuivua upesi. "Leo leo," alisema. "Nikitoka hapa nakwenda kumzima."

Nanzia alimsahihisha. "Usiseme kumzima. Sema kulizima."

"Kulizima. Leo leo. Wewe rudi kwa mama. Kesho kioo kitamjua."

Nanzia aliamini. Walikuwa wamekaa darasa moja, na mtu uliyemwachia anakili hesabu zako humdhanii mabaya makubwa. Alikunywa chai akiwa amesimama, akashuka kuwahi basi la mchana.

*

Kirumbe alikwenda kweli. Lazima hilo lisemwe. Alikwenda na bisibisi mkononi, akakuta kuli linapanda tuta la pili, udongo mweusi unageuka nyuma yake. Mbili, pumzi, moja. Hata ile pumzi aliitengeneza mwenyewe, kwa pampu ya baiskeli, akaionea fahari siku nzima. Alifungua kifuniko cha mgongoni. Waya ulikuwa mwekundu, mfupi, mwepesi kukatika kama unyasi.

Kutoka pale aliiona ndiva. Zamu ilikuwa ya mashamba ya chini. Maji yalikuwa yanateremka mferejini, na Bi Naetwe, mjane wa Mzee Togolai, alikuwa ameinama akiyaelekeza kwenye maharage yake kwa mguu, kanga imefungwa kiunoni. Akiukata waya huu, wiki ijayo maji yale yana mwenyewe mwingine. Kampuni haitafunga mfereji kwa ubaya. Itautazama tu, itauona unamwagilia maharage ya kikongwe mmoja, itautangaza upotevu. Na Bi Naetwe atafuata nani mjini? Hakuwa na mtoto.

Kidonda kimekaa miezi, Kirumbe alijiambia. Wiki moja kitu gani?

Hivyo ndivyo anavyofikiri mtu ambaye mguu si wake.

Alirudisha kifuniko, akatoa simu, akamwandikia Nanzia neno moja: Tayari. Nanzia akajibu kwa kumshukuru. Mstari wa shukrani ule Kirumbe hakuusoma mara mbili.

*

Mkaguzi aliitwa Mfinanga. Hakuja na gari la kampuni, jambo lililowapa watu moyo, na alipofika kwenye ndiva walikokusanyika alivua kofia, akawaamkia wazee mmoja mmoja, akauliza hali za mifugo. Alikuwa mwana wa milima hiihii, wa mgongo wa ng'ambo. Alikaa juu ya jiwe, akaweka kibao chake cha kioo magotini, na kwa muda mrefu kila alilouliza lilipata jibu.

"Mnasikika vizuri," alisema. "Nadra siku hizi. Kuna siku moja tu inayonisumbua." Alikizungusha kibao ili Mama Eliamini aone mistari. "Nilisikia Mzee Togolai alitutoka. Poleni sana, nilikuwa safarini. Alilala ndani siku moja kabla ya kuzikwa, sivyo? Siku hiyo majembe ya kijiji kizima yamepiga, asubuhi mpaka jioni."

Ndipo Kirumbe akakumbuka.

Katika msiba ule mabega ya kubeba jeneza hayakutosha. Alibeba yeye, mbele kushoto, kwa njia yote ya kupanda kanisani, na katika shughuli ya kutafuta wabebaji, kuchimba na kupika, hakuna aliyekumbuka kuyasimamisha makuli. Wenye kampuni wasingeona kosa lolote hapo. Ofisini mjini wasingeona. Lakini mtu wa milimani anajua: maiti ikiwa ndani, hakuna jembe linalogusa udongo isipokuwa la kaburi. Hata shamba la adui yako hulimi.

"Ni nani," aliuliza Mfinanga, "aliyelima siku ile?"

"Mvua ilikuwa imewahi, mkaguzi," Kirumbe alidakia, tabasamu limebandikwa. "Na mvua haina subira ya rambirambi."

Mfinanga hakumtazama. "Nimemuuliza mwenyekiti."

Mama Eliamini aliangalia maji. Akisema ni mashine, kila kitu kimekwisha palepale. Akisema ni watu, anakivua nguo kijiji chake mbele ya jirani. Na sheria ilikuwa imekaa mahali fulani kwenye ofisi yenye kiyoyozi, haijui kwamba inamlazimisha mwanamke mzima kuchagua kati ya maji na heshima ya marehemu.

"Tulilima," alisema.

"Nyote?"

"Tulilima," alisema Mzee Mchome, aliyeongoza ibada ya mazishi na kulia katikati ya wimbo. Alisema huku ameinua kidevu, kama mtu anayesubiri kofi.

Mwingine akasema, na mwingine. Kisha Bi Naetwe, ambaye siku ile yote alikuwa mkekani ameshikwa mikono na wenzake, akasema kwa sauti ndogo isiyo na hasira, "Nami nililima."

Mfinanga alifuta uso kwa kofia. Alikuwa amekasirika, ila haikueleweka amemkasirikia nani. "Mnanituma nikaandike kwamba mjane alishika jembe na mumewe hajazikwa," alisema. "Mnanituma mimi."

"Andika," alisema Bi Naetwe.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini Kirumbe hakuwahi kukivumilia kimya maishani mwake, na isitoshe aliona wamevuka. Kilichobaki ni kumsindikiza mgeni kwa kicheko kimoja viwili.

"Jambo la mwisho," alisema Mfinanga. "Bi Nambike Kisaka. Kuna malalamiko kutoka Tanga kwamba hayupo huku. Yupo mtu aliyemwona?"

"Mimi," alisema Kirumbe. "Kwa macho yangu haya. Jana asubuhi yuko shambani kwake anapandisha matuta, mkaguzi, utadhani kijana. Tumesalimiana vizuri kabisa. Ameniuliza naoa lini, nikamwambia nangoja binti yake achoke na mji. Amecheka mpaka jembe likamponyoka."

Alilieleza vizuri. Watu wawili watatu walitabasamu bila kutaka, maana hivyo ndivyo Bi Nambike alivyocheka.

Mfinanga alichukua simu iliyokuwa imelala kifudifudi juu ya jiwe, pembeni mwake. Ilikuwa wazi. Ilikuwa wazi tangu alipoketi. Aliigeuza ili wote waone, na kwenye kioo kulikuwa na mto mweupe, na ukuta wa wodi, na bega la Nanzia, na uso wa Bi Nambike, umekonda, macho makubwa.

"Kirumbe," alisema Bi Nambike.

"Shikamoo, mama." Yalitoka yenyewe, kwa mazoea.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Nanzia aliniambia umeshaniachia. Tukaenda kliniki siku ya pili, wakasema bado nalima. Tukarudi tena, bado nalima." Alipumzika kidogo. Hakuwa anagomba. Alisema kama mtu anayeuliza njia. "Sasa nimekusikia unaeleza vizuri, nami nimefurahi kujua nimecheka. Ila nisaidie jambo moja. Juzi wameukata wa kushoto, hapa juu ya goti. Hiyo jana uliyoniona, nilikuwa nimesimama kwa mguu upi?"

Kirumbe alifungua mdomo. Kila mtu aliyekuwa kwenye ndiva alikuwa anautazama mdomo huo, ambao haujawahi kukosa neno tangu ulipoota meno.

Bi Naetwe ndiye aliyekuwa karibu naye. Alikunja kanga yake, akajisogeza mbali naye kidogo juu ya ukuta wa mawe, kiasi cha nafasi ya mtu mmoja kukaa.

"Mjibu mama," alisema.